Bi Harusi Asiye na Somo

Barua ya kazi ilipokuja kutoka Hamburg, ilikuwa na aya moja iliyotugombanisha nyumbani wiki nzima. Waajiri wangu walisema watanipa yuro 2,500 za kuhamia, ila nichague: ama wawalipe watu wanaofanya kazi ya kuwasaidia wageni, wanipokee uwanja wa ndege, wanitembeze nyumba tano na kunisindikiza ofisi ya kuandikisha wakazi, ama nipewe mkononi nijitegemee.

Mke wangu hakusita. "Walipwe hao watu. Bi harusi haendi kwa wakwe bila somo. Nani atakwambia pa kukanyaga na pasipokanyagwa?"

Mjomba, aliyekuja kutuaga mapema ili asipitwe na pilau, aliangua kicheko. "Asindikizwe ofisini? Kwani anapelekwa jando?" Alikuwa amesikia redioni kwamba Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu mwaka 2010, na habari hiyo ikamtosha. "Mjomba, wewe unakwenda kwa mama mdogo. Nani hulipa ili asindikizwe kwa mama mdogo? Ukifika uliza, mji una watu."

Mjomba safari yake ndefu ni Tanga mpaka Pemba, tena kwa harusi, lakini ana sauti nzito. Nikaomba hela mkononi.

Na hiyo hela, jamani, hata neno lenyewe tulilipata kwao. Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani huku kwetu ilianza kutumia sarafu iitwayo heller, mia moja zikifanya rupia moja. Wao wakaondoka, jina likabaki midomoni mwetu. Nilijiambia nachukua cha kwetu. Nusu ilikwisha kabla sijapanda ndege: sanduku la Kariakoo, koti la mtumba lililoshonewa mtu mwenye mabega mara mbili ya yangu, mbuzi wa dua, na mjomba mwenyewe, ambaye alikuwa na kajambo kake kadogo.

Kilichonitia jeuri zaidi ni sheria moja niliyoisoma. Kwetu mwenye nyumba ndiye humtuma dalali, halafu mpangaji humlipa kodi ya mwezi mzima. Ujerumani, tangu mwaka 2015, aliyemwita dalali wa nyumba ya kupanga ndiye anayemlipa. Nikapiga hesabu zangu: kumbe madalali ni wa bure! Sikukumbuka kwamba dalali humtumikia anayemlipa. Wa kwanza kunionyesha nyumba alikuwa ameita watu wengine kama thelathini kwa saa ile ile, tukapanga foleni kutoka ngazini hadi barabarani. Kila mmoja amekumbatia faili lake: hati za mshahara za miezi mitatu, cheti cha kutokuwa na madeni, barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hakuachiwa deni la kodi. Mimi nilikuwa na bahasha ya kaki, ndani mna mkataba wa kazi na, kwa ushauri wa mjomba, barua ya mwenyekiti wa mtaa. Dalali aliugeuzageuza ule muhuri kwa heshima kubwa, kisha akanirudishia.

Wiki tano nililala nyumba ya wageni, na sitaki kusema ilinigharimu kiasi gani kwa sababu mke wangu anasoma. Mwishowe mwenzangu kazini akanipatia nyumba ya jamaa yake. Mkataba ulikuwa na kodi mbili, moja wanaiita ya baridi na nyingine ya moto. Nikasema nachukua ya baridi, mimi mtu wa kuvumilia, nitavaa sweta. Mwenye nyumba alinitazama kwa muda. Kumbe ya baridi ni ya kuta peke yake. Ya moto ni hiyo hiyo ukijumlisha joto la nyumba, maji, taka na mengineyo, na hakuna kuchagua. Juu yake kulikuwa na amana, kodi ya baridi ya miezi mitatu. Sheria yao inaruhusu kuilipa kwa mafungu matatu. Hilo nililijua nilipokwisha kulipa lote kwa mkupuo.

Nikakabidhiwa funguo. Nikafungua mlango wa jikoni, nikakuta mabomba mawili yanachungulia ukutani na alama nyeupe palipokuwa na makabati. Jiko hakuna, sinki hakuna. Darini unaning'inia waya usio na taa. Nikajua nimeibiwa, nikampigia yule mwenzangu. "Aliyehama ameondoka na jiko lake," akanijibu, kama mtu anayesema ameondoka na viatu vyake. Huko ni kawaida: mtu akihama huweza kung'oa jikoni nzima, mpaka sinki, akaenda nayo.

Basi jikoni kwangu kukawa bafuni. Jiko la umeme la sahani moja juu ya stuli, mimi nimekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, sufuria nimeibana kwa miguu iliyovaa soksi mbili mbili, nasonga ugali kwa mwiko niliotoka nao Tanga. Vyombo nikiviosha humo humo beseni, kisha naoga. Kuna siku nilitoka kuoga nikanukia dagaa.

Ofisi ya kuandikisha wakazi, ile ambayo ningelipiwa mtu wa kunisindikiza, ilinichukua dakika kumi. Unatakiwa ufike ndani ya wiki mbili tangu uhamie, ukiwa na karatasi kutoka kwa mwenye nyumba iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Kazi ngumu ni kulitamka hilo jina. Wakaniambia namba yangu ya kodi ya mapato itakuja kwa posta. Nikangoja. Haikuja. Mshahara ukaja umekatwa kwa daraja la sita, ambalo hula kuliko yote, kwa kuwa mwajiri hana namba. Nikangoja tena.

Usiku mmoja mvuke wa ugali ulitoka bafuni, ukaamsha king'ora cha moshi ukumbini. Ilikuwa saa nne na nusu, na kuanzia saa nne jengo zima linatakiwa liwe kimya. Nikasikia mlango unagongwa. Ni bibi wa ghorofa ya chini, amevaa gauni la kulalia, uso umekunjamana kwa hasira. Akautazama mwiko, akanitazama mimi. Kwa msaada wa programu ya kutafsiri akaniuliza mimi ni nani, maana jina langu halimo.

"Halimo wapi, bibi?"

Akanishika mkono wa shati, akanishusha ngazi mpaka kwenye masanduku ya barua. Langu lilikuwa na jina la yule mwenye jiko. Nyumba za ndani ya jengo kwa kawaida hazina namba mlangoni; mtu wa posta hufuata jina lililo sandukuni, na asipoliona, barua hurudi ilikotoka. Namba yangu ilishakuja ikarudi.

Nikapanda kuitafuta tena ile orodha ya kazi za wale wasaidizi wa kulipwa. Uwanja wa ndege umo, nyumba tano zimo, hata mafunzo ya utamaduni ya saa mbili yamo. Sanduku la barua halimo. Jiko halimo. Nikampigia mke wangu kumweleza.

"Kwa hiyo somo umempata?"

"Nimempata. Ana miaka kama themanini, na mwiko wangu ameuchukua akautazame vizuri."

Asubuhi niliandika jina langu kwenye kipande cha karatasi ya daftari, nikakibandika sandukuni kwa selotepu. Siku ya tatu barua yangu ya kwanza Ujerumani ikaingia. Ilikuwa inadai ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mimi nilikuwa bado sina jiko.