Jinsi ya Kuhesabu Kurasa Mpaka Hamu ya Kusoma Iishe

Mwalimu mwenzangu, mkuu wa shule ametangaza kikaoni kwamba muhula huu kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili atasoma vitabu kwa hiari, na wewe ndiye uliyeteuliwa kuisimamia hiari hiyo. Hongera. Kazi hii haihitaji vitabu vingi. Inahitaji kompyuta moja, nayo ipo ofisini kwa mhasibu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Omba kwa adabu, ondoa kitambaa, fungua Excel.

Walimu wengi hukosea kwa kuanza na kitabu. Wewe anza na safu. Tangu toleo la 2007, Excel inatoa mistari 1,048,576 katika jedwali moja. Shule ya wanafunzi 900 ikigawana sawa kwa sawa, kila mtoto anapata mistari 1,165, yaani kitabu kimoja kwa siku kwa miaka mitatu na ushee, Idi na Krismasi zikiwemo. Safu za kwenda chini nazo ni 16,384, kwa hiyo usijibane. Weka ya jina, ya mkondo, ya jina la kitabu, ya mwandishi, ya mchapishaji, ya dakika alizosoma, ya saini ya mzazi, ya maoni ya mwalimu wa darasa na ya maoni juu ya maoni hayo. Mthibiti ubora wa shule akifika, upana wa jedwali ndio utakaoongea.

Safu ya “Funzo nililopata” ni ya lazima. Ila usiwaachie watoto waandike watakavyo. Mmoja anaweza kuandika kwamba alimwonea huruma yule mtu mbaya wa kwenye hadithi, na wewe ukajikuta umekaa chini kuzungumza naye, jambo ambalo halimo kwenye maelekezo. Dawa yake ni orodha ya kuchagua: “tusiwe wavivu”, “tuwatii wakubwa”, “umoja ni nguvu”. Mtoto anabofya, kompyuta inajumlisha, nawe unapata taarifa ya muhula bila kusumbuliwa na fikra ya mtu yeyote.

Kwenye kurasa, hapa ndipo utaalamu ulipo. Mwambie mwanafunzi ajaze kurasa alizosoma katika kisanduku kimoja, kwa kistari katikati. Akiandika 10-12, Excel itaamua kwamba hiyo ni tarehe, na itakuwa Oktoba au Desemba kulingana na kompyuta ilivyopangwa. Akiandika 10-48, inaweza kumrudisha Oktoba 1948. Kama kitabu chenyewe ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mara ya kwanza 1951, utakuwa na rekodi ya mtoto wa kidato cha kwanza aliyekisoma takriban miaka mitatu kabla hakijatoka. Wapo watakaokushauri utenge safu mbili, moja ya ukurasa wa kuanzia na moja ya ukurasa wa kuishia, au uziagize seli zipokee maandishi kabla hujaanza kujaza. Ushauri huo unafanya kazi, na ndiyo maana haufai: ukiufuata, Ijumaa mchana hutakuwa na cha kurekebisha.

Saini za mzazi ni sura nyingine. Zitakuja zote Jumatatu asubuhi, za juma zima, kwa kalamu moja na mwandiko unaofanana sana na wa kaka mtu aliye kidato cha nne. Usihoji. Kisanduku kimejaa, na kisanduku kikijaa jedwali linageuka kijani kama ulivyoliagiza.

Sasa bandika matokeo ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho. Bila kupanga nafasi watoto watadhani kusoma ni starehe. Mwaka 1975 mchumi wa Uingereza Charles Goodhart, akizungumzia sera ya fedha, alionya kwamba takwimu unayoitegemea huvurugika pale unapoanza kuitumia kuwabana watu. Alikuwa na mabenki akilini. Watoto wa kidato cha pili wanaijua kanuni hiyo bila kupita chuo chochote. Pima idadi ya vitabu, nao watakwenda moja kwa moja kwenye hadithi za darasa la pili, zile zenye picha ya sungura ukurasa mzima. Kila mmoja atamaliza sita kabla ya kengele ya uji, na yule aliyebaki anapambana na riwaya ya Said Ahmed Mohamed ataonekana mvivu. Pima kurasa, na bingwa wa shule atakuwa amesoma Kamusi ya Kiswahili Sanifu kuanzia A. Pima dakika, na anayesoma taratibu huku akichungulia dirishani atamshinda kila mtu. Zaidi ya yote, asitokee mtoto wa kuchukua Nagona ya Kezilahabi kwa kuuona wembamba wake. Wasomi wa vyuo vikuu wanabishana juu yake tangu 1990, naye atakaa nayo muhula mzima, na jedwali litamwandika: kitabu 1, nafasi ya mwisho.

Usisahau kuzuia marudio. Ipo amri ya kupaka rangi nyekundu kila jina la kitabu linalojitokeza mara ya pili. Mtoto aliyesoma Adili na Nduguze mara mbili kwa sababu kimempendeza atawaka nyekundu, ajieleze. Vilevile usiweke kabisa neno “nimeacha”. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, mwalimu kwa kazi, alitoa kitabu mwaka 1992 akiorodhesha haki kumi za msomaji, na kati yake imo haki ya kuacha kitabu njiani na haki ya kuruka kurasa. Ndiyo madhara ya kumpa mwalimu likizo ndefu.

Kuhusu usalama wa kumbukumbu, tunayo tamthilia ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu, anazama kwenye mapenzi, na makaratasi yake ya hesabu yanaishia motoni. Miaka yote tunawaambia wanafunzi kwamba dhamira kuu ni mapenzi na uzembe. Kwa mwalimu wa takwimu dhamira ni moja tu: weka nakala, na isiwe kwenye flashi ile inayozunguka steshenari za mjini ikikusanya virusi.

Mwisho, jihadhari na walimu wasiofuata mwongozo huu. Utawatambua kwa jedwali lao, maana ni dogo la kutia aibu: kitabu, aliyenacho, tarehe aliyokichukua, alipofika, na kama anaendelea, amemaliza au ameacha. Wanafunzi wanalijaza wenyewe, na halina alama. Mwalimu wa aina hii akiona mtoto yuko ukurasa wa 23 kwa majuma matatu, hampi adhabu, anamfuata na kumuuliza kulikoni. Akiona watoto tisa wameacha kitabu kimoja, anakifungua mwenyewe na kugundua kwamba karatasi za katikati zimechanika, au kwamba Kiswahili chake ni kigumu kwa umri ule, kisha anatafuta kingine. Akiona majina manne yanasubiri kitabu kilekile, anakwenda kwa mkuu wa shule kuomba nakala zaidi, na hivyo kuvuruga bajeti. Mbaya zaidi, huwa anasoma na yeye, na jina lake limo kwenye jedwali pamoja na la wanafunzi, mara nyingine likiwa na “ameacha” mbele yake.

Shule ya namna hiyo inaharibika haraka. Vitabu vinatoka nje ya kabati. Vinarudi vimekunjwa pembe, vina madoa ya mchuzi, na viwili havirudi kabisa. Watoto wanasimuliana kisa kwenye foleni ya maji, mmoja anamkataza mwenzake asimwambie mwisho.

Ukiona dalili hizo shuleni kwako, mwalimu, chukua hatua siku hiyohiyo. Kusanya vitabu, hesabu, rudisha kabatini, piga kufuli, na ufunguo mkabidhi yule mwenzetu aliyekwenda masomoni Dodoma.