Kitenzi Kilichoingia Mpaka Chini ya Kitanda

Kama una mtoto wa gredi ya nne, wewe ni mwenzangu, nisikilize. Binti yetu, tunayemwita Profesa kwa kuwa hajawahi kuridhika na jibu la kwanza, alirudi hapa Kiwanjani, Isiolo, na kazi ya ziada: atunge sentensi nane kwa kitenzi cha Kiingereza “run”, kila moja na maana yake. Nikamwambia andika mtoto anakimbia, tukale. Akanitazama. “Baba, hiyo ni moja.”

Na kweli ni moja tu. Katika kamusi kubwa ya Oxford ya 1989, ile ya majuzuu 20, kitenzi kilichoelezwa kwa urefu kuliko vyote kilikuwa “set”. Wahariri wa toleo linalofuata walipomaliza kukichambua “run”, walihesabu maana 645. Hebu fikiria mwalimu anampa mtoto mzigo huo Jumatano jioni, na makaa yamebaki ya kuchemsha chai tu.

Kwetu kazi ya mtoto mmoja ni kazi ya ukoo. Shemeji yangu, Mheshimiwa, aliwania uwakilishi wa wadi 2022, akashindwa, jina likabaki. Akatoa sentensi yake haraka: kwa kugombea kiti nako Waingereza hutumia kitenzi hicho hicho. Kisha akatusimulia kampeni nzima, kituo kwa kituo, mpaka chapati zikapoa.

Dada yake, Mama Maziwa, ndiye aliyesaidia hasa. Huyu huamka gizani kupokea madumu ya maziwa ya ngamia kutoka malishoni. Hufungua kifuniko, akanusa, akaonja tone kwenye kiganja, na likiwa na ladha ya maji, dumu linarudi na mwenyewe. Mazuri hupanda basi kwenda Eastleigh. Biashara hii ya Isiolo iko mikononi mwa wanawake, na ushirika wao wa Anolei unajulikana mbali. Profesa akavuna mbili hapo: Mama Maziwa anaendesha biashara, basi linafanya safari kila siku.

Nyanya, mama mkwe wangu, hajui Kiingereza. Alipoelezwa shida yetu akashangaa. “Nyinyi si mnapiga simu, mnapiga pasi, mnapiga mswaki, mnapiga kura? Nani ameumia?” Sijasikia mwalimu akilieleza jambo hili vizuri kuliko yeye.

Basi tukaendelea. Pua ya kitinda mimba wetu, Kamasi, ikatoa sentensi yake bila kuombwa. Ndege ikasikika ikitua, nasi tukaanza kubishana kama njia ya kurukia ndege ihesabiwe, maana Waingereza wameipa jina kutokana na kitenzi hicho. Mke wangu, OCS wa nyumba hii, akakata kesi: mwalimu ametaka kitenzi, hilo ni nomino.

Hapo ndipo aliponyamaza, akatega sikio.

Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu. Mheshimiwa alikuwa ameufungua mchana, akaukuta mkavu, akauacha hivyo hivyo. Sasa maji yalikuwa yamekuja kwa nguvu zote. Yalipita ukumbini, yakabeba ndara za watu wote, yakalowesha gunia la unga, yakaingia mpaka chini ya kitanda cha Nyanya. Beseni la nguo lilikuwa limepinduka, na leso mpya nyekundu ya OCS ilikuwa imelala juu ya shati jeupe la shule. Rangi ilikuwa inachuja taratibu, kuanzia kola kushuka hadi vifungo.

Kila mtu alishika ndoo au tambara, isipokuwa Profesa. Alisimama majini, daftari juu ya kichwa, akipiga kelele kwa furaha: “Mfereji unatiririka! Rangi inachuja! Unga umetuishia!” Zote tatu, kwa Kiingereza, ni kitenzi kile kile. Nane zikatimia.

Alipata tiki zote nane, akaenda kuzipokea na shati la waridi. Nami naamini hatazisahau, kwa kuwa kila moja ina mtu wa nyumbani ndani yake. Walimu wetu, endeleeni kutuletea kazi hizi. Tunaomba tu mtupe wikendi nzima, na msitume siku ya maji.