Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Vita, London

Waheshimiwa,

Inafahamika kwamba Ofisi yenu ilimezwa na Wizara ya Ulinzi mwaka 1964. Lakini ofisi iliyopeleka askari vitani Agosti 1914 na kofia za kitambaa, wakaanza kuona za chuma mwaka uliofuata ukiishilia, haiwezi kulalamikia barua iliyochelewa.

Kwanza, pongezi kwa suala la miguu. Katika majira ya baridi ya 1914 kuingia 1915, askari wenu wapatao 20,000 walitibiwa miguu iliyovimba, ikafa ganzi, mingine ikaoza, kwa kushinda na kukesha ndani ya maji ya mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Mtu wa kawaida angeanza kwa kuyatoa maji. Jeshi lilileta mafuta ya nyangumi. Amri ikatoka: soksi zibadilishwe, askari wasuguane miguu wawili wawili, ofisa akague, na kikosi chenye wagonjwa wengi kijieleze. Tusiwanyime haki yenu: mafuta na ukaguzi vilisaidia kweli, na mbao za kukanyagia pia. Ila tangu hapo mguu uliooza ukanuka utovu wa nidhamu, na tope halikuitwa hata siku moja kutoa maelezo.

Chawa nao hawakujali cheo. Askari waliwaunguza kwa mshumaa kwenye mishono ya nguo, mayai yakabaki, kazi ikaanza upya. Homa ya mahandaki iliwalaza wengi, mwandishi J.R.R. Tolkien akiwemo, mwaka 1916. Kwamba chawa ndio waliokuwa wakiieneza ilithibitishwa 1918, vita vikielekea ukingoni.

Maji ya kunywa yalifika katika madebe ya petroli. Chai ilikuwa na ladha ya petroli.

Kazi yenu bora, hata hivyo, ni ile kadi ya posta yenye sentensi zilizochapwa tayari. Askari alikata zisizomhusu, akatia tarehe na sahihi. Aliruhusiwa kuwa mzima kabisa, au kulazwa hospitalini, mgonjwa ama majeruhi, akiendelea vizuri. Kuendelea vibaya hakukupewa mstari. Na aliyeongeza neno lake, kadi ilionya, itaharibiwa. Wengine wakaandika kwenye biskuti ya jeshi, maana ilikuwa ngumu kama kigae, wakaituma nyumbani kwa posta; baadhi zipo makumbusho hadi leo.

Inapendekezwa kadi iongezwe mistari miwili: "Nimelala / sijalala" na "Panya amekula mkate wangu / wa mwenzangu." Ofisi itajibu kwa kadi hiyohiyo. Ikate yasiyohusika, isiongeze neno.