Karibu Idara ya Maji: Mwongozo kwa Seli Mpya ya Vasopresini

Hongera kwa kuajiriwa. Umepangiwa haipothalamasi, chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana. Kazi yako ni kutengeneza homoni ya vasopresini na kuisafirisha hadi nyuma ya tezi ya pituitari, ambako inamwagwa kwenye damu ili figo zisitupe maji ovyo. Ninyi wote mkigoma, mwenye mwili anaweza kukojoa zaidi ya lita 10 kwa siku, na hatawashukuru.

Usiogope. Kama umewahi kukaa kwenye mji wenye mgao wa maji, kazi hii unaijua tayari: yanatoka, yanakatika, yanatoka tena, na ratiba haitangazwi popote. Mjini hiyo huitwa uzembe. Hapa ndiyo taaluma.

Kwanza, jifunze kuvuja. Sodiamu imejaa nje, potasiamu imejaa ndani, na baadhi ya milango yako ya potasiamu haifungwi sawasawa. Potasiamu inajitokea polepole na kukuacha na chaji hasi, milivolti 60 hivi chini ya huko nje. Huo ndio utulivu wako. Mlango wenyewe una tabia ya kushangaza: unampitisha potasiamu, ambaye ni mnene, na kumkatalia sodiamu, ambaye ni mwembamba. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon, mwanasayansi wa Marekani, alionyesha kwa nini. Ndani ya mlango kuna atomi za oksijeni zilizopangwa kwa vipimo vya potasiamu, zinazompokea mahali pa maji yaliyokuwa yamemzunguka. Sodiamu akiingia, anapwaya. Mwaka 2003 MacKinnon alipata Tuzo ya Nobel. Wewe unayemiliki milango hutapata kitu.

Pili, fyatua mpigo wa umeme. Sodiamu inaingia kwa kishindo, potasiamu inatoka, basi. Kila seli ya neva inaliweza hili, tusipoteze muda.

Tatu, jizuie. Kila unapofyatua, kalsiamu kidogo huingia, na hiyo hufungua milango ya potasiamu ya aina mbili. Ile mipana, ambayo wataalamu huiita BK, hufunguka papo hapo na kuukata mpigo. Ile myembamba, SK, hukawia kufunga, na kwa muda huo huwezi kufyatua tena hata ukitamani. Utaanza mfululizo wako kwa pupa kama waajiriwa wapya wote, kisha SK itakushika shati mpaka ukubali mwendo wa wastani. Vitabu vya shule huipa potasiamu mstari mmoja, sodiamu ikishamaliza sifa zote. Naona ni dhuluma. Mpigo wako mmoja hauna tofauti kubwa na mpigo wa seli nyingine. Kinachokutambulisha ni nafasi kati ya mpigo na mpigo, na nafasi hiyo potasiamu ndiyo inayoipima.

Nne, ng'ang'ania. Hapa ndipo kanuni za idara zinapogongana, na ushauri wangu ni kuzifuata zote kwa pamoja. Kalsiamu ile ile iliyofungua SK ili ikuzuie, huziba pia sehemu ya ule uvujaji wa potasiamu tuliouona mwanzoni. Uvujaji ukipungua, hushuki tena hadi kwenye utulivu wako wa zamani. Unabaki juu juu, karibu na kufyatua, na kila mpigo unausogeza karibu mpigo unaofuata. Kwa hiyo unazuiwa kwa sehemu ya sekunde na kusukumwa kwa sekunde nyingi, na anayefanya yote mawili ni yule yule. Ukishaanza, utaendelea kwa makumi ya sekunde.

Nani atakusimamisha? Wewe mwenyewe. Katika vifurushi vile vile vya vasopresini umefungasha dainofini, kemikali ya jamii ya afyuni. Unapofanya kazi, vifurushi vingine humwagwa palepale ulipo, na dainofini inakugeukia. Kadiri inavyolundikana, ndivyo inavyoidhoofisha ile nguvu ya kung'ang'ania, hadi mfululizo unakatika. Ni idara chache ambamo mtumishi hutia sahihi barua yake ya kusimamishwa huku akiendelea kuchapa kazi.

Tano, nyamaza. Makumi ya sekunde mengine, bila mpigo wowote wa maana. Utajisikia hatia, hasa ukiwa mchapakazi, kwa hiyo nikueleze kinachotokea huko mwisho wa mkia wako, kwenye pituitari. Mipigo ikifuatana, baadhi ya milango ya potasiamu huko huchoka na kugoma kufunguka. Potasiamu ikichelewa kutoka, mpigo unachelewa kuisha. Unakuwa mpana, kalsiamu nyingi zaidi inaingia, na homoni inamwagika kwa wingi kuliko mwanzo. Lakini ukipiga bila kukoma, miisho hiyo inachoka, na mavuno ya kila mpigo yanapungua. Ukimya ndio unaoirudishia nguvu. Mwaka 1979 Dutton na Dyball waliichochea pituitari ya panya kwa mtindo wa mafungu na vituo, wakaona vasopresini inatoka kwa wingi zaidi. Bosi akikukuta umekaa kimya, mtajie mwaka huo.

Usiulize wenzako wanaanza saa ngapi. Mko maelfu, na kila mmoja anafyatua kwa zamu yake bila kupatana na mwingine. Ndiyo maana damu inapata homoni kwa utulivu ingawa kila mtumishi, akiangaliwa peke yake, anaonekana hana msimamo.

Majirani zako wa oksitosini hawako hivyo. Panya anaponyonyesha, wanawe hunyonya muda wote, lakini seli za oksitosini hukaa zikipiga polepole kwa dakika kadhaa, kisha zote kwa pamoja zinalipuka, makumi ya mipigo kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Sekunde kadhaa baadaye, maziwa yanatoka. Wakerley na Lincoln waliyarekodi hayo mwaka 1973. Ni tamasha zuri, nenda katazame, ila usiige. Figo hazinyonyi.

Mwisho, mambo ya kuepuka. Sumu ya nyuki ina apamini, inayoziba SK, na bila SK pupa yako haina wa kuidhibiti. Nge mwekundu wa India ana sumu inayoziba BK. Nyoka wa kijani wa misitu ya pwani yetu, Dendroaspis angusticeps, ana dendrotoksini, inayoziba milango mingine ya potasiamu tena. Viumbe hawa hawakukubaliana, ila wote waligundua wapi pa kukugusa.

Pombe hufanya kinyume, na utakutana nayo mara nyingi kuliko nyoka. Katika miisho ya seli za panya, inazidisha kufunguka kwa BK na kuzuia kalsiamu kuingia. Utafyatua kwa bidii, na kule mwisho vasopresini haitoki ya kutosha. Mwenye mwili atainuka kwenda msalani mara baada ya mara, kila safari akiwaambia wenzake mezani kwamba bia ya leo ni nyepesi sana. Kukicha atazinduka mdomo umemkauka, na wewe utaitwa kazini mapema.