Meza Kumi na Moja

Katika ustaarabu wa Waswahili mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hugeuka akaenda zake. Kitufe cha fomu ya mtandaoni hakikuwekewa ada kama hiyo, na kwa upungufu huo mwandishi wa insha hii, mtu wa makamo na msomi wa kutosha, tangu Jumanne iliyopita ndiye mwombaji wa meza 11 katika tamasha la vitabu ambako ana kitabu kimoja cha kuuza. Kitufe kilibonyezwa, kikanyamaza, kikabonyezwa tena na tena, mpaka jumbe za simu zilipoanza kuingia kwa mfululizo, kila mmoja na namba yake ya malipo. Kesho yake binti wa dirishani alisoma orodha, akainua macho, akauliza kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: “Shikamoo mzee. Meza zote hizi unauza nini?” Ile shikamoo ndiyo iliyouma zaidi.

Haki inataka ielezwe jinsi kimya hicho kinavyotengenezwa, kwa kuwa ni ufundi wa hali ya juu. Fomu ya zamani ilipotumwa, kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, kilikusanya majibu, kikayapeleka kwa seva, ambayo ni kompyuta inayopokea na kuhudumia, kisha kikangoja, na jibu lilipoanza kuingia kikaufuta ukurasa na kuweka mwingine. Weupe ule wa skrini, uliolaaniwa sana, ulikuwa ni risiti, kwani ulimwondolea mtu kitufe mbele ya kidole. Mtindo wa sasa huweka ndani ya ukurasa programu ndogo ya JavaScript, ambayo hukizuia kivinjari kisifuate desturi yake, huyapitisha majibu mlango wa nyuma na kubaki ikingoja, huku ukurasa umetulia kama maji ya mtungini. Njia hiyo ilibuniwa Microsoft na watu waliotaka barua pepe za Outlook zisomeke ndani ya kivinjari, ikaingia katika Internet Explorer 5 mwezi Machi 1999 kwa kudandia maktaba ya XML, yaani lugha ya kupangia data, na nauli ya kudandia huko ikawa jina XMLHttpRequest, ingawa mzigo unaobebwa si lazima uwe XML. Februari 2005 Jesse James Garrett aliupa mtindo mzima jina la Ajax, alilolipata akiwa anaoga, mahali ambapo, ikumbukwe, hakuna kitufe cha Tuma.

Chombo kipya zaidi, kiitwacho fetch, kina tabia ya kustaajabisha: seva ikijibu kwa namba 500, maana yake imeharibikiwa, chenyewe huhesabu kuwa safari imefanikiwa, na hutangaza kushindwa pale tu jibu lolote lisipopatikana, mfano wa mshenga aliyefukuzwa kwa mbwa akarudi kusema posa imefika. Mtengenezaji asipomhoji mshenga huyo, ukurasa hauna la kusema.

Dawa ya kimya hicho ni mistari michache: kitufe kizimwe mara kinapobonyezwa na kiandikwe “Inatuma”, na kila fomu ipewe namba ya pekee ili seva ikiiona tena itambue kuwa ni ileile. Asiyeiandika huijaribu kazi yake ofisini kwenye mtandao wa kasi, ambako jibu hurudi kabla kidole hakijainuka. Mwenye bando la siku ndani ya daladala hakuwamo katika hesabu zake, na akibonyeza mara ya pili huambiwa ana papara. Kumnyima mtu jibu kisha kumtoza kwa kuuliza tena ni dhuluma, na skrini maridadi haiipunguzi.

Tiketi mbili za basi la Tanga kwa abiria mmoja, na rambirambi iliyowafikia wafiwa walewale mara nne, ni zao la kimya kilekile na hazihitaji maelezo.

Kuhusu meza 10 za ziada, mwombaji ameelekezwa kuzifuta kwa kujaza fomu nyingine, moja kwa kila meza. Ya kwanza imebonyezwa mara moja tu, saa nne asubuhi, na hadi adhuhuri hii kidole bado kiko hewani.