Punda Hajui Upana wa Mzigo Wake

Mayai yalikuwa 60, trei mbili zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, nami nimezipakata nyuma ya bodaboda kama babu anayemleta mjukuu wa kwanza nyumbani. Nilikuwa natoka Manundu naelekea Old Korogwe, kwenye shughuli kwa shemeji yangu. Lami ipo, tena nzuri, lakini kijana wa boda akaniambia, "Mzee wangu, lami ni ya wageni. Tupite huku, dakika tano tu."

Huku kwenyewe ni kijia. Upande mmoja mkonge, upande wa pili bonde linaloteremka kuelekea mto Pangani, ambako wakazi wa kudumu ni mamba. Kijia hicho kina upana wa mtu na kivuli chake. Wanakitumia waendao shamba, wapanda baiskeli wenye magunia ya mkaa, mbuzi wasio na mchungaji, boda wenye haraka na punda wa maji. Kila mmoja anaamini kilichongwa kwa ajili yake.

Tukakunja kona, tukakutana na punda watatu.

Kila mmoja alibeba madumu manne ya lita 20, mawili kila ubavu. Piga hesabu: kilo 80 za maji, na mnyama aliyetoka nyumbani mwembamba kama benchi sasa ana upana wa meza ya mwalimu mkuu. Tatizo ni kwamba mwenyewe hana habari. Punda anajua upana wa mwili wake. Upana wa mzigo ni siri ya aliyempakia. Kwa hiyo akiona pikipiki anasogea kwa heshima zote, hatua moja, ambayo ingetosha kabisa kwa punda mtupu, kisha anaendelea na safari yake akiwa na hakika kwamba amekupisha.

Kijana akapiga honi. Honi yenyewe alikuwa ameibadilisha, inalia kama ya lori la mchanga. Punda wa kwanza akasimama. Wa pili akamgonga wa kwanza. Wa tatu akaamua safari imekwisha, akageuka kurudi alikotoka, na katika kugeuka dumu lake la kushoto likaja moja kwa moja kwenye goti langu.

Nilipofumbua macho nilikuwa chali ndani ya mkonge. Watu wengi huuona mkonge kupitia dirisha la basi, safu zimenyooka, unapendeza kama kichwa kilichosukwa. Ukiwa ndani yake habari ni nyingine. Kila jani lina mwiba nchani, mweusi, mgumu kama msumari, na majani yamepangwa kwa namna ambayo ukilikimbia moja unalikalia la pili. Likanijia somo la darasani: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai, na hiyo ndiyo iliyojaza mashamba yetu. Zamani nililisoma kama somo la uvumilivu. Siku hiyo, nikiwa nimekaliwa na wajukuu wa ile 62, nilijiuliza tu ni nani huyo aliyekuwa akiimwagilia maji melini.

Mama mwenye punda hakunitazama. Alikuwa akilitazama dumu lake lililopasuka, maji yananywewa na vumbi.

"Mama, samahani sana," nikasema kutoka mkongeni.

"Samahani haijazi dumu, baba," akajibu. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa Tanga na adabu haimtoki hata kwenye hasara, akaongeza: "Poleni. Mmeamkaje?"

Tumeamkaje! Nikamjibu tumeamka salama, huku kijana akinichomoa mwiba wa nne.

Lakini swali lile nimelifikiria sana tangu siku hiyo, na naona mama alikuwa amelipanga sawasawa ila sisi ndio tuliolichelewesha. Sisi tuliokulia kwenye baiskeli tulifundishwa kwamba ukikutana na mtu mzima njiani unashuka. Unashuka kabisa, miguu chini. Unamwamkia, unauliza nyumbani, unauliza watoto, unauliza shamba, naye anakuuliza yale yale, na mkifika kwenye habari za kuku punda wameshapita zamani. Hakukuwa na alama ya barabarani wala trafiki. Salamu ndiyo iliyokuwa breki. Boda amekuja na breki mbili, ya mkono na ya mguu, zote mbovu, akaiondoa ile ya tatu iliyokuwa inafanya kazi.

Mayai yaliyopona yalikuwa 11. Shemeji aliyapokea kwa mikono miwili, jambo ambalo lilinichoma kuliko mkonge.

Pale shughulini mpwa wangu, anayeishi ndani ya simu, alitufariji kwa kutuonyesha kwamba ugomvi huu upo hata Alaska, kule Marekani kwenye barafu. Huko mtu anasimama juu ya kigari kisicho na magurudumu, anavutwa na kundi la mbwa. Hana hatamu. Anapaza sauti tu: "gee", mbwa wanakwenda kulia, "haw", wanakwenda kushoto. Na kwenye njia hizo hizo kuna pikipiki za theluji. Desturi yao ni kwamba mwenye injini anapunguza mwendo na kuwapisha mbwa, lakini desturi ni desturi. Machi 2016, karibu na kijiji cha Nulato, katika mashindano ya Iditarod, mtu mmoja wa pikipiki ya theluji aliyavamia makundi mawili, la Aliy Zirkle na la Jeff King, na mbwa mmoja wa King akafa. Tukanyamaza kidogo kwa ajili ya mbwa yule, ingawa nusu ya waliokuwapo ukumbini hawajawahi kumgusa mbwa.

"Wanajua kulia na kushoto?" shemeji akauliza. "Wa kwetu anajua nyumbani tu."

Suala likafika hadi mkutano wa mtaa. Mmoja alipendekeza punda wapite asubuhi na boda jioni; akaulizwa nani atawanunulia punda saa. Mzee mwingine akaitaja Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na mpwa wangu akadakia kwamba Iditarod nayo ilianza 1973, taarifa ambayo haikumsaidia mtu yeyote. Mwishowe tukakubaliana punda wavishwe kengele. Wamevishwa. Sasa wakipita mtaani watoto wanatoka mbio na sarafu mkononi, wakidhani ni wa aisikrimu.

Wiki mbili baadaye maji ya bomba yalikatika, mke wangu akaazima punda kwa jirani na kunikabidhi kamba. Sikubishana, nilikuwa bado natafuta njia ya kumfutia yale mayai 49. Nikapakia madumu manne, nikarudi na kijia kile kile, safari hii nikiwa upande wa pili wa ugomvi. Niwaambie ukweli: ukishika kamba ya punda moyo hubadilika mara moja. Niliposikia pikipiki kwa mbali nilijikuta nimesimama katikati ya njia, mkono juu, nikisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Hawa boda hawana macho!"

Ilikuwa ni kijana wangu yule yule. Nyuma yake alikuwa amefunga mlango. Mlango wa mbao, mzima, tena ameufunga kwa kuukingamisha, kitasa kinaelekea mkongeni na bawaba zinaelekea mtoni. Akaniona, akasogea pembeni kwa heshima zote, kiasi kinachotosha kabisa kwa pikipiki tupu.

Punda hakupisha mlango. Mlango haukupisha punda. Kurudi nyuma kukashindikana pande zote mbili. Tukabaki tunatazamana, maji yanachuruzika, hadi kijana alipozima injini, akashuka na kunyoosha mkono.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

Hawajambo. Mama yake alikuwa na homa lakini amepona. Mahindi ya kwao yameliwa na tumbili. Mlango ni wa chumba chake mwenyewe, anaoa mwezi ujao. Tukaufungua pamoja, tukaupitisha juu ya mgongo wa punda kama jeneza, na hakuna aliyeumia isipokuwa kidole changu kimoja.

Dumu la yule mama bado nadaiwa. Nimelinunua, jipya, la njano, lipo nyuma ya mlango wangu. Ninayemtafuta ni mtu wa kulipeleka. Kijana wa boda kasema yuko tayari hata leo. Dakika tano tu, anapita njia ya mkato.