Namna ya Kununua Gari la Umeme Songea Bila Kushushwa Cheo Kijiweni

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye Subaru Impreza ya turbo, ambaye Lizaboni nzima hujua umerudi hata kabla hujakata kona. Juzi umeona video ya Tesla ikichomoka kama jiwe la manati, na tangu siku hiyo usingizi umekuruka.

Anza na matanga. Jumamosi jioni peleka Subaru upande wa Matogoro, ikanyage mpaka mbuzi wakimbie, na urekodi ule mngurumo kwenye simu, kwa sababu unaagana nao. Pistoni zilizolala zikitazamana, na bomba za ekzozi zisizolingana urefu, ndizo zinazopika sauti ile. Gari la umeme halina hata kimoja kati ya hivyo. Mota yake hutoa nguvu tangu gurudumu halijasogea, haingoji turbo iamke, kwa hiyo Altezza za mjini utaziacha zikitafuta gia. Tatizo ni kwamba hakuna atakayejua. Songea ushindi usiosikika hauhesabiwi.

Kisha chagua gari. Moyo utasema Porsche Taycan, mfuko utasema Nissan Leaf iliyotumika Japani, yenye sura ya chura aliyeshtuliwa. Kwenye dashibodi kuna vipande vinavyoonyesha afya ya betri. Likiwa jipya huwa 12. Muuzaji atakwambia betri bado mbichi. Mwitikie kwa heshima, halafu hesabu mwenyewe. Leaf za mwanzo zina betri ya kilowati-saa 24, na Wamarekani walipoipima ikiwa mpya walipata kama kilomita 117 kwa chaji moja. Yako ina zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo usije nayo kijiweni ukitaja 117. Kila asubuhi itakusemesha Kijapani, ikikukumbusha uchomeke kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Itikia "marahaba" uondoke.

Sasa tuje kwenye LUKU, maana hapa ndipo wanaume wengi watakapoumbuka.

Tuseme unakaa kwa mama, Mfaranyaki, na mama yuko kwenye ile tarifa ndogo: 9,150 anapata uniti 75, zinamtosha mwezi mzima na pasi juu. Kuijaza Leaf tupu, ukihesabu na umeme unaopotea njiani, ni kama uniti 27. Ukichaji mara mbili, mama anabaki na uniti za kuwashia taa ya kibarazani. Ukichaji ya tatu, gari halijajaa na nyumba iko gizani. Ukiendelea hivyo miezi kadhaa, mama anahamishwa kwenye tarifa ambayo elfu kumi inampa uniti 28 tu.

Wewe utasema hata hivyo ni nafuu, na ni kweli. Elfu kumi inaijaza Leaf na chenji ya vocha inabaki. Elfu kumi hiyo hiyo ya petroli, kwa bei ambazo EWURA hututangazia kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, itaifikisha Subaru yako Peramiho, kurudi ujijue. Lakini mama hapigi hesabu ya petroli. Anapiga hesabu ya 9,150.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii LUKU inaliwa na nini, mwanangu?"

"Friji, mama."

Aliyepanga ndiye mwenye kesi ngumu zaidi. Nyumba ya wapangaji sita na mita moja, ambako mwenye friji tu tayari anatazamwa kama fisadi, wewe unapitisha eksitensheni dirishani usiku. Usifanye hivyo, na wala sisemi kwa ajili ya ujirani mwema. Gari hunyonya umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, na nyaya za nyumba zetu zilifungwa kwa ajili ya redio na balbu tatu. Mwite fundi akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, yenye swichi yake na waya wa ethi. Harufu ya plastiki inayoungua haifanani na harufu ya matairi, hata kama wewe zote unazipenda.

Kuhusu asili ya umeme wenyewe, usijigambe ovyo. Kabla ya laini kubwa kutoka Makambako kutufikia mwaka 2018, mji huu ulitegemea sana majenereta, maana yake gari lako la umeme lingekuwa gari la dizeli lenye aibu. Siku hizi una jambo la kusema. Pale Tulila, kwenye mto Ruvuma, masista Wabenediktini wa Chipole wana mtambo wa maji wa megawati 5, unaozalisha tangu 2015 na kuiuzia TANESCO. Kwa hiyo kijiweni wakikuuliza gari lako lina nguvu za farasi wangapi, wajibu kwamba lako halivutwi na farasi, linasukumwa na masista.

Safari? Mbinga labda, kama kilomita 100 za vilima, kwa sharti kwamba betri iwe bado na afya, uende polepole na huko uwe na mjomba mwenye soketi na moyo mkubwa. Njombe ni zaidi ya 230, sahau. Ukipanda Lukumburu, chaji itashuka kama bei ya mahindi wakati wa mavuno, na basi la Dar litakupigia honi kwa huruma. Ukishuka, mota inageuka jenereta na kurudisha kiasi betrini. Raha ingekuwa kamili kama Songea yote ingekuwa mteremko. Na vijijini kwenye 50, tochi ya trafiki haibagui: Subaru 30,000, chura 30,000.

Subaru usiiuze. Iweke chini ya mwembe, na kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni iwashe, ikanyage dakika tano, majirani waseme leo yupo. Izime. Ingia kwenye Leaf, toka kimyakimya ukanunue sukari. Mama akikukuta getini, mwamkie kwanza, ndipo uitaje friji.